Mali Imo kwenye Ila

Nchi yenyewe haitajwi jina hapa, maana wenyewe hawapendi kutajwa bila kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa Jumanne tu, tena Jumanne zenye mvua. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mashimo barabarani yaliyopewa namba, na ina Hoteli ya Taifa yenye ghorofa nne na vyumba tisini. Msomaji atakayedhani anaijua anajisumbua bure. Haipo. Na kama ipo, si ile unayoifikiria.

Katika hoteli hiyo alifanya kazi mwanamke mmoja aitwaye Mwajabu, na cheo chake kilikuwa Mfafanuzi wa Bei. Msicheke, ni cheo cha kisheria kabisa. Zamani mgeni alifika mapokezi, akaambiwa chumba ni elfu arobaini, akatoa hela, akapewa ufunguo, akaenda zake kulala. Ushamba mtupu! Siku hizi bei ya chumba ilikuwa haitulii hata dakika tano, na sheria ikasema kila mgeni ana haki ya kufafanuliwa kwa nini imepanda. Akishafafanuliwa, anatia saini kwenye fomu ya njano iliyoandikwa neno moja tu: NIMEELEWA. Alipe asilipe, alale asilale, saini lazima. Na Mfafanuzi ambaye wageni wake watatu wamekataa kusaini ndani ya mwezi mmoja, huyo anapumzishwa kwa manufaa ya umma.

Mwezi ule Mwajabu alikuwa na wawili tayari. Mmoja alikuwa mchuuzi wa magodoro, alipandwa na hasira mpaka akaitafuna fomu. Mwingine alikuwa mwalimu mstaafu, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaipa alama nne kwa kumi, akaondoka zake. Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe, na Mwajabu alikuwa akizihesabu kila asubuhi akijifunga kitambaa cha kazi shingoni. Chumba alichokuwa akiishi kilikuwa cha hoteli, nyuma ya jiko. Kazi ikienda, na chumba kimekwenda.

*

Mwenye akili iliyozaa yote haya alikuwa Bwana Kilindo, Mkurugenzi wa Mapato ya Vyumba, Korido, Ngazi na Roshani. Alipelekwa ng'ambo kusoma kwa wiki mbili, akarudi na cheti na mkoba wa ngozi, na ndani ya mkoba mlikuwa na wazo. Wazo lilisema hivi: bei ya chumba isifuate chumba, ifuate haja ya mgeni. Anayekihitaji sana alipe sana. Sasa haja ya mtu utaijuaje? Huko ng'ambo wanajua wenyewe wanavyojua. Bwana Kilindo akasema sisi hatuigi mtu, tunao utajiri wetu.

Siku ya uzinduzi alisimama kwenye ngazi za hoteli, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi! Nchi nyingine Mungu kazipa mafuta. Nyingine kazipa dhahabu. Sisi katupa salamu! Nani kati yenu amewahi kumpita mwenzake bila kumuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mifugo? Hakuna! Nani ameulizwa akanyamaza? Hakuna! Lakini sikilizeni vizuri muone jambo ambalo wataalamu wa dunia hawajaliona. Mwananchi wetu akiulizwa habari, hata kama paa lake linawaka moto, ataanza kwanza na nzuri. 'Nzuri, ila nyumba inaungua.' Ndugu zangu, tumekaa miaka yote hii tunasikiliza nzuri. Nzuri haina kitu! Mali ya taifa hili imo kwenye ila!"

Watu walipiga makofi dakika kumi na moja. Wawili walizimia kwa jua, wakapewa vyeti.

Ndipo ukaletwa Mzani wa Haja. Kwa kuutazama ulikuwa chombo kidogo cha maua ya plastiki kilichowekwa juu ya kaunta, ila ndani ya maua mlikuwa na sikio la mtambo, na ukutani kulikuwa na ubao wa namba nyekundu. Mgeni akijibu nzuri peke yake, namba zilishuka. Akitia ila, zilipanda, na ila yenyewe ikiwa nzito zilipanda mbio. Mtu asiye na haja yoyote alipewa chumba bure. Ndiyo maana waheshimiwa wenye majumba matatu matatu mjini humo humo walikuwa wakilala pale bila kulipa hata senti, na asubuhi wakiletewa mayai.

Maswali yalikuwa saba, yamepangwa kwa kanuni, na kuruka hata moja kulikuwa kosa. Ubao ulitundikwa nyuma ya Mfafanuzi, ukamtazama mgeni. Kwa hiyo Mwajabu hakuwa akiiona bei akiwa kazini. Aliisoma kwenye nyuso za watu.

*

Alhamisi moja, saa tisa na dakika kumi alasiri, aliingia mzee mrefu mwenye koti la kaki, penseli sikioni, na bahasha ya hospitali mkononi ndani ya mfuko wa nailoni. Kabla hajasema neno alipitisha kidole kwenye ukingo wa kaunta, pale mbao mbili zinapokutana, akatikisa kichwa kama mtu aliyekuta deni la zamani limelipwa.

"Shikamoo, baba," akasema Mwajabu.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu Hoteli ya Taifa. Naomba jina."

"Lutengano. Seremala."

"Habari za safari, mzee Lutengano?"

"Nzuri," akasema mzee, "ila basi lilitufia njiani tangu jana, tumelala porini."

Nyuma ya Mwajabu ubao ukalia tik, tik. Macho ya mzee yakapanda kidogo.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, ila nyumba nimeiacha peke yake, hakuna hata wa kufunga kuku."

Tik, tik, tik. Mwajabu akakohoa. Akamkonyeza. Akaweka kidole mdomoni akijifanya anajikuna. Tatizo ni kwamba mzee Lutengano alikuwa amelelewa, na kwake kumjibu mtu nusu nusu ni kumdharau.

"Pole, mwanangu, una kifua? Chemsha tangawizi."

"Ahsante, baba." Swali la tatu lilikuwa limeandikwa mbele yake kwa herufi kubwa. Mwajabu hakutaka kuliuliza. Aliiona ile bahasha, na akauliza. "Habari za mwenzako?"

Mzee akavua kofia.

"Nzuri," akasema. "Nzuri, ila yuko hapo ng'ambo ya barabara, wodi namba sita. Sekela wangu. Ana uvimbe tumboni, kesho asubuhi wanampasua. Ila wamesema hawampasui mpaka nilete hati ya malazi."

Jambo hili linahitaji maelezo, maana wageni wa nchi ile huwa hawaliamini. Zamani jamaa za wagonjwa walikuwa wakilala kwenye majani ya hospitali, na vyungu vyao na mikeka yao. Siku moja ukaja ujumbe kutoka nje, ukapiga picha. Serikali ikaona aibu, ikatunga Sheria ya Jamaa wa Karibu: mgonjwa hapasuliwi mpaka jamaa yake awe na mahali pa kulala panapojulikana, ndani ya hatua mia tatu kutoka langoni. Kamati ikapima. Mahali pekee palipoangukia ndani ya hatua mia tatu palikuwa Hoteli ya Taifa. Katibu wa kamati, kwa bahati tu, alikuwa Bwana Kilindo.

"Orodha ya kesho inafungwa saa kumi," mzee akaendelea, na sauti yake ikaanza kukwaruza. "Huyo daktari mpasuaji ni wa kuazima. Jumamosi anaondoka, mpaka miezi mitatu ndiyo arudi. Nikamuuliza, je, huo uvimbe utasubiri? Akaniambia, mzee, uvimbe hausomi kalenda."

Mtambo ukalia mfululizo, tik tik tik tik, bila kupumua. Mwajabu hakugeuka. Alimtazama mzee usoni akaona kila kitu.

*

Akamalizia maswali manne yaliyobaki kwa haraka, lakini wapi. Watoto? Nzuri, ila wako mbali. Kazi? Nzuri, ila ameuza randa na misumeno apate nauli. Kila swali lilikuwa kama kumpiga mzee kofi halafu kumuuliza limemwingia vizuri. Alipofika mwisho mzee alikuwa amesimama mdomo wazi.

"Nilipoingia mlangoni pale paliandikwa elfu arobaini," akasema polepole. "Nina elfu sitini, nikamshukuru Mungu. Sasa pameandikwa laki tisa na themanini. Nilivunja kitu?"

Mwajabu alikuwa anajua maneno yake kwa moyo, akayatoa akiyachukia.

"Mgeni mpendwa, bei ya chumba ni kioo cha thamani uliyoiweka wewe mwenyewe juu ya chumba hicho. Hatujapandisha sisi. Umepanda wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo, baba."

"Mwanangu, vitanda vya hoteli hii nimevitengeneza mimi." Hakusema kwa majivuno, alisema tu. "Mwaka ule inajengwa. Tisini, mninga mtupu, hakuna msumari hata mmoja. Na kaunta hii ni yangu. Kila kitanda futi sita kwa nne. Asubuhi futi sita, jioni futi sita. Sasa nieleze, maana mimi mtu wa vipimo. Hapa katikati nini kimerefuka?"

Kijitabu cha ufafanuzi kilikuwa na kurasa mia moja na nne, na Mwajabu alizijua zote. Jibu la swali hilo halikuwamo.

Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini na tano. Akasukuma fomu ya njano.

"Tia saini hapa, baba. Hata kama huchukui chumba."

"Inasema nini?"

"Nimeelewa."

"Lakini sijaelewa."

"Ni saini tu, baba, haina maana yoyote."

Mzee akachukua penseli sikioni, akaitazama ncha yake, akairudisha.

"Mimi nikiandika kipimo kwenye ubao, ubao unakatwa hivyo hivyo. Kwa hiyo siandiki nisichokipima. Nisamehe, mwanangu. Nitakusaidia jambo lingine lolote."

Mwajabu akahisi hasira imempanda mpaka masikioni. Alitaka kumpigia kelele: saini, mzee wee, mkeo amekwisha kushindikana, niokoe basi walau mimi! Lilimjia wazi hivyo, bila haya. Halafu akamwona mzee anaipangusa kaunta kwa kiganja, pale alipokuwa ameiegemea, asije akaacha alama ya jasho. Akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

Mlango wa ofisi ya nyuma ukafunguka.

*

Bwana Kilindo alikuwa akisikiliza kila kitu mezani kwake kupitia yale maua. Alitokea akiwa ameshafunga vifungo vyote vya koti, maana hakuwahi kuonekana na umma akiwa na kifungo wazi. Pale ukumbini walikuwapo watu kama saba, akiwamo mheshimiwa mmoja aliyekuwa bado anakula mayai ya asubuhi. Bwana Kilindo alipoona ana hadhira, akapandisha sauti.

"Fomu ya tatu, Mwajabu?"

"Mheshimiwa Mkurugenzi, mzee huyu anasema..."

"Nimesikia anachosema. Mzani haukosei. Mteja hakosei. Basi nani kakosea? Ufafanuzi! Umefafanua kwa uso wa msiba." Akageukia watu. "Ndugu wageni, mna bahati leo. Mtashuhudia ufafanuzi ukifanywa na aliyeuasisi. Toka hapo, Mwajabu. Pita upande ule. Wewe utakuwa huyu mzee, na mimi nitakuwa wewe. Na wewe mzee kaa pembeni utazame, ukimaliza kutazama utakuwa umeelewa. Nitafuata utaratibu wote, mwanzo mpaka mhuri, asije mtu akasema sikumfundisha."

Akabonyeza kitufe chini ya kaunta. Ubao ukafutika, ukarudi elfu arobaini.

Mwajabu akazunguka kaunta. Miaka minne alikuwa amefanya kazi pale, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kusimama upande wa wageni. Namba zilikuwa kubwa, nyekundu, juu ya kichwa cha anayekuuliza habari. Loo, akawaza, kumbe hivi ndivyo wanavyoniona.

Saa tisa na dakika thelathini na saba.

"Jina la mgeni!" akasema Bwana Kilindo, akichomeka hati kwenye mtambo wa kuandikia.

"Lutengano," akasema Mwajabu. "Seremala."

Mtambo ukaandika. Bwana Kilindo akainua kidole kwa watu. "Tazameni. Tabasamu la meno sita. Saba ni dharau, matano ni uchoyo. Habari za safari, mgeni wetu?"

"Nzuri, i..."

Namba zikatetemeka. Mwajabu akauma ulimi, akaumia kweli kweli.

"Nzuri," akasema.

Elfu arobaini ikawa thelathini na nne.

Hapo ndipo lilipomwingia. Hakulipanga, tusimsingizie. Aliziona tu namba zinashuka mbele ya macho yake, akajua, na moyo ukaanza kumpiga kwa nguvu mpaka akaogopa Mzani usije ukausikia. Bwana Kilindo alikuwa ameupa ubao mgongo. Kama Wafafanuzi wote.

"Mnasikia ninavyopandisha sauti mwishoni?" Bwana Kilindo akawaambia watu. "Inamfanya mgeni ajisikie yuko kwao. Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

Ishirini na saba.

"Na hapa naweka mkono kifuani. Ni mkono wa kulia, si wa kushoto. Habari za mwenzako?"

Pembeni mzee Lutengano alikuwa amekunja uso. Mwajabu akamwona anafungua mdomo, akajua kabisa anataka kusema nini: hapana, si kweli, mwenzangu si mzima. Mtu asiyeweza kuandika asichokipima amesimama hatua mbili kutoka kwenye maua, na neno lake moja lingetosha. Mwajabu akamtazama. Hakumkonyeza safari hii, hakukohoa. Alimtazama tu kama mtoto anavyomtazama mzazi akiomba asiseme mbele za watu.

Mzee akatazama saa. Tisa na dakika arobaini na nne. Akatazama kofia yake. Kisha akafumba mdomo.

"Nzuri," akasema Mwajabu, na akalisema kama mtu anayeomba.

Kumi na tisa.

Watoto? Nzuri. Kazi? Nzuri. Afya? Nzuri. Bwana Kilindo alikuwa hasikii tena anachojibiwa, alikuwa anasikia uzuri wa sauti yake. Alieleza namna ya kuinamisha kichwa. Alieleza historia ya kuinamisha kichwa. Mwajabu alikuwa anahesabu dakika na jasho linamtiririka mgongoni, na alitamani kumshika tai amsukume lile swali la saba limtoke. Saa tisa na dakika hamsini likamtoka.

"Na mwisho kabisa, mgeni wetu mpendwa, una haja gani na chumba chetu?"

"Sina haja nacho, Mheshimiwa," akasema Mwajabu. "Nilikuwa napita tu."

Mtambo ukalia mara moja, tik. Ubao ukaonyesha sifuri.

"Mgeni mpendwa!" Bwana Kilindo akanyoosha mikono miwili. "Bei ya chumba ni kioo cha thamani uliyoiweka wewe mwenyewe juu ya chumba hicho. Hatujapandisha sisi. Umepanda wewe. Je, umeelewa?"

"Nimeelewa sana."

"Amesema sana! Mmesikia? Hajaulizwa sana, ameiongeza mwenyewe!" Fomu ya njano ikasainiwa. Hati ikatoka kwenye mtambo, chumba namba kumi na nne. Bwana Kilindo akachukua mhuri, akaupulizia pumzi kwa madaha, akaupiga mpaka maua yakaruka. "Na hati anapewa mgeni kwa mikono miwili, huku umeinama kidogo. Hivi."

Mwajabu akaipokea kwa mikono miwili. Akageuka, akampa mzee kwa mikono miwili.

"Baba," akasema kwa sauti ndogo, "kimbia."

Mzee Lutengano hakuwa na umri wa kukimbia. Alikimbia. Kofia ilimdondoka mlangoni, hakuirudia.

"Na sasa," akasema Bwana Kilindo, akijifuta paji la uso, "tutazame pamoja bei nzuri aliyojipangia mgeni wetu!"

Akageuka.

Alikaa amegeuka hivyo muda mrefu. Yule mheshimiwa wa mayai ndiye aliyeanza kupiga makofi, maana sifuri ilikuwa bei pekee aliyoizoea, na akaona mambo yamekwenda vizuri. Wengine wakafuata. Bwana Kilindo akatazama dirishani, akaona mgongo wa koti la kaki unaingia lango la hospitali. Akatazama mhuri. Kanuni, aliyoiandika yeye, ilisema hati iliyopigwa mhuri haifutwi ila kwa Mfafanuzi aliyeipiga kukiri kwa maandishi, nakala tatu, kwamba hakujua alichokuwa akifanya.

Basi akawageukia watu, akatabasamu. Safari hii meno yalikuwa manane.

*

Mwajabu alipumzishwa kwa manufaa ya umma Ijumaa asubuhi, saa ile ile ambayo, kama yote yalikwenda sawa, Sekela alikuwa mezani kwa daktari. Kosa lake liliandikwa kuwa ni kujibu salamu kwa nia mbaya. Akachukua sanduku lake nyuma ya jiko, akahamia kwa shangazi yake, mwenye kibanda cha dobi huko nyuma ya soko, akaanza kupiga pasi.

Bwana Kilindo aliandika ripoti. Ripoti ikaenda kwa Waziri, na Waziri akahutubia taifa. Akasema uchunguzi umegundua kundi la wananchi wanaohujumu uchumi kwa kujificha nyuma ya nzuri. Kuanzia sasa ila italipiwa, kwa kuwa mwenye ila ana haja, na nzuri nayo italipiwa, kwa kuwa mwenye nzuri ana uwezo. Na kwa nini mali hii iishie hotelini? Maua yakawekwa sokoni, stendi, misikitini na makanisani nje ya milango, na lango la hospitali likapewa vyombo vinne. Swali elfu tatu, jibu elfu tatu, unatia kwenye kisanduku.

Bwana Kilindo akawa Kamishna wa Salamu.

Na watu wakanyamaza. Waliinuliana nyusi, basi. Mama na mwanawe walikutana stendi baada ya mwaka, wakashikana mikono, wakatazama maua, wakaondoka. Gazeti la serikali liliandika kwenye ukurasa wa mbele kwamba nchi imefikia utulivu usio na mfano.

Mwajabu hakuwahi kujua Sekela aliishia wapi. Alipita mbele ya hospitali mara nyingi, lakini ungemuuliza nani, na kwa hela gani? Usiku hakupata shida, alikuwa anachoka. Mchana ndipo alipoteseka, akipitisha pasi kwenye shuka za watu na kujiambia bila shaka amepona, halafu kujiambia bila shaka mzee alifika dakika moja baada ya saa kumi.

Mwezi wa nne tangu apumzishwe akamwona mzee Lutengano. Alikuwa sokoni kwenye duka la vifaa, koti lile lile, penseli ile ile, anachagua bawaba za mlango. Yuko peke yake. Amekonda. Mwajabu akalitazama shati lake, maana ndiyo kazi aliyokuwa ameizoea. Lilikuwa safi. Kola imepigwa pasi, mgongo haukupigwa. Shati hilo lingeweza kuwa limepigwa na mwanamke ambaye bado hana nguvu za kusimama sana. Lingeweza pia kuwa limepigwa na mwanamume asiyejua.

Mzee akainua macho akamwona. Nyusi zikapanda. Akatazama nguzo ya duka, ambako maua ya plastiki yalikuwa yananing'inia, mekundu, yana vumbi. Akatabasamu kidogo kwa masikitiko, akanyoosha mkono.

Mwajabu hakuupokea. Alifungua fundo la kanga. Mlikuwa na elfu tatu na mia mbili, hela ya mkaa wa pasi wa wiki nzima. Akatia elfu tatu kwenye kisanduku, na soko zima likageuka kutazama nani huyu kichaa.

"Shikamoo, baba," akasema kwa sauti ya kawaida, kama zamani. "Habari za mama?"

Mzee akaweka bawaba chini. Akapekua mfuko wa koti, akapekua wa ndani, akahesabu, akatia elfu tatu zake. Akavua kofia, kofia mpya.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nzuri."

Mwajabu akasubiri ila. Muuza duka akasubiri, na mama wa nyanya, na wachukuzi waliokuwa wametua mizigo. Maua yakasubiri pia.

Mzee Lutengano akavaa kofia yake, akachukua bawaba zake, akalipa. Alikuwa amemaliza kujibu.